Shajara ya mradi: matembezi ya Gretna na Eastriggs kwa Kiswahili

Kwa mwenye haraka: natengeneza matembezi ya kujiongoza katika miji miwili midogo ya mpakani mwa Scotland na England, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha baruti. Unapakua sauti, unachukua ramani ya karatasi, unatembea mwenyewe bila kunisubiri mimi. Ninaandika kila hatua inapokwisha ili anayetaka kufanya hivi kwa mji wake asirudie makosa yangu. Na makosa yapo.

2 Machi 2024. Wazo

Naishi Carlisle, mji wa England ulio karibu na mpaka, mwaka wa sita sasa. Kila mgeni akija kutoka nyumbani au kutoka London ananiambia nimpeleke Gretna Green, akapige picha kwenye fuawe ya mhunzi, pale ambapo vijana waliotoroka kwao walikuwa wakifungishwa ndoa. Haya, tunakwenda, tunapiga picha, tunakunywa chai ya bei mbaya, tunarudi.

Mwendo mfupi kutoka kwenye hiyo fuawe kuna Gretna yenyewe, na hakuna mgeni wangu aliyewahi kuuliza habari zake. Ukiitazama haraka utaona mji wa kawaida tu wa matofali, barabara pana, maduka machache. Kumbe ulichorwa kwenye karatasi ukajengwa mashambani kwa pupa. Mei 1915 magazeti ya Uingereza yalilipuka kwa habari kwamba askari Ufaransa wameishiwa makombora. Serikali ikaunda wizara mpya ya zana za vita chini ya David Lloyd George, na wizara ikajenga hapa kiwanda kikubwa kuliko vyote, kuanzia Dornock upande wa Scotland mpaka Mossband upande wa England, kama kilomita 19, mpaka wa nchi ukipita katikati. Kufikia 1917 wanawake walikuwa 11,576 na wanaume 5,066. Wasichana wale walitoka mbali, na lazima walale mahali. Ndiyo Gretna, na ndiyo Eastriggs.

Nimeandika orodha ya vituo 19. Mke wangu ameisoma akauliza, "Hawa watu unawatembeza au unawahamisha?"

17 Machi. Kupima njia kwa miguu

Nilitaka njia moja, Gretna mpaka Eastriggs, kama kilomita 8. Nikaipima Jumapili nikiwa nimefunga, maana nilisema mwendo wenyewe ni tambarare. Tambarare ni kweli. Upepo wa Solway, ghuba ya bahari iliyo kando, ndio sikuuhesabu. Nilifika Eastriggs midomo imekauka kama karatasi ya mchanga, kisha nikakaa kituoni kungoja basi la Jumapili, na mabasi ya Jumapili mnayajua.

Lakini hasara kubwa haikuwa uchovu. Katikati ya miji hii miwili hakuna cha kuonyesha. Nilidhani nitakuta magofu ya kiwanda, angalau ukuta. Baada ya vita kilibomolewa, ardhi na majengo vikauzwa miaka ya 1920, na sehemu nyingine zikabaki mikononi mwa jeshi, ndani ya uzio. Unachokiona ni majani, kondoo na uzio. Kati ya vituo vyangu 19, vinane vilikuwa vya aina ya "hapa palikuwa na". Mtu hawezi kusimama mvuani akitazama kondoo huku sauti inamwambia awazie reli. (Reli ilikuwepo kweli, tena maili 125 ndani ya kiwanda. Lakini kondoo ni kondoo.)

Marekebisho: matembezi mawili mafupi, la Gretna saa moja na nusu, la Eastriggs saa moja, na basi katikati. Vituo 11. Sharti nililojiwekea: pasipo na kitu cha kutazama, hapana kituo. Kilichosalia hapa ni mji, kwa hiyo matembezi yatakuwa ya mahali watu walipolala, walipokula, walipoomba na walipocheza dansi.

6 Aprili. Maandishi, na ugomvi wa uji

Vituo vya Gretna vimeandikika bila shida. Mpangaji mkuu alikuwa Raymond Unwin, yule aliyechora Letchworth, mji wa bustani wa England, na msanifu aliyekaa hapa kusimamia ni Courtenay Crickmer. Mwanzoni waliweka mabanda ya mbao kwa sababu ya haraka, halafu wakaja na matofali. Kilichonivutia ni mabweni ya matofali. Yalijengwa kama safu ya nyumba ambazo bado hazijatenganishwa, ili vita vikiisha yagawanywe yawe makazi ya familia. Na ndivyo ilivyokuwa. Leo unapita mbele ya nyumba yenye baiskeli ya mtoto mlangoni, na ukuta ule ule ulikuwa wa bweni la wasichana waliokuwa wakirudi zamu ya usiku. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Kituo hicho nilikiandika kwa mkupuo mmoja.

Shida imeanza Eastriggs. Makumbusho ya kule yanaitwa The Devil's Porridge. Jina hilo limetoka kwa Arthur Conan Doyle, aliyetembelea kiwanda mwaka 1916 kama mwandishi wa habari, akaona wasichana wakichanganya kwa mikono pamba-baruti na nitrogliserini, akaufananisha mchanganyiko ule na uji wa shetani. Nikaandika "uji wa shetani", nikamtumia shangazi yangu Tanga ausome, maana yeye alifundisha Kiswahili miaka mingi. Akanijibu kwa sauti, dakika nne:

"Mwanangu, uji hunywewa. Hao wasichana walikuwa wanakanda kwa mikono. Kinachokandwa ni unga wa chapati, au ugali kabla haujaiva. Ukisema uji, mtu ataona kikombe."

Nikamwambia jina ni la Mwingereza, si langu. "Basi Mwingereza alikosea, nawe usimfuate." Tumekwenda hivyo siku tatu. Mwisho tumekubaliana: jina linabaki Uji wa Shetani kwa sababu ndilo lililoko kwenye kibao, lakini sauti inaeleza kwamba ukiuona ungeona kinyunga, kizito, cha kukandwa, na kwamba kwenye kinyunga hicho pamba iliyolowekwa kwenye tindikali na mafuta ya kulipuka vilikuwa vinaoana. Baadaye kiliongezwa etha na alkoholi, kikasukumwa kwenye matundu kama tambi, kikakatwa, kikakaushwa. Hiyo ndiyo kodaiti, baruti isiyo na moshi, ile inayosukuma kombora litoke kwenye mzinga. Neno "tambi" ni la shangazi, na limefanya kazi ambayo aya yangu nzima ilishindwa.

28 Aprili. Kosa la Rufiji

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu najua wengine watalirudia.

Mama yangu ni wa Rufiji. Nimekua nikisikia habari za manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta mpaka ikaangamizwa. Nikaona nimepata kituo cha kufunga matembezi. Baruti iliyokandwa na wasichana wa Gretna ndiyo iliyosukuma makombora yaliyopiga mtoni kwetu. Nikaandika dakika tano za maneno matamu. Nilipozisoma kwa sauti jikoni, nilijisikia mtu mkubwa.

Jioni nikaenda kuhakiki tarehe moja tu, kwa sababu sikukumbuka kama ni Julai au Agosti. Ni tarehe 11 Julai 1915. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ndizo zilizoimaliza. Kodaiti ya kwanza ya Gretna ilitoka 1916. Julai ile kiwanda hiki hakikuwa kimetoa hata gramu moja.

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikafanya kile ambacho nadhani wengi hufanya, nikaanza kutafuta namna ya kukiokoa kituo. Nikaandika "baruti kama hii". Halafu "huenda". Mke wangu alinitazama nikifuta na kuandika, akasema, "Kama kitu kinahitaji 'huenda' tatu, kiache." Nimekiacha. Saa sita za kazi zimekwenda.

Ajabu ni kwamba Afrika ya kweli ilikuwepo pale pale, mimi nilikuwa naitafuta mbali. Mhandisi aliyebuni kiwanda, Kenneth Quinan, alikuwa Mmarekani, lakini Waingereza walimtoa Rasi ya Tumaini Jema. Alikuwa akiendesha kiwanda cha baruti cha De Beers, kampuni ya almasi, huko Somerset West, kilichotengeneza baruti za kupasulia miamba migodini. Yaani ujuzi ulioijenga Gretna ulinolewa kwenye migodi ya Afrika Kusini. Na kwa nje, Eastriggs imeandikwa hivyo hivyo kwenye vibao vya barabara: Pretoria Road, Ladysmith Road, The Rand (jina la eneo la migodi ya dhahabu Afrika Kusini). Nyingine ni Delhi, Melbourne, Vancouver, Singapore. Waliipa mitaa majina ya himaya yao nzima.

Kituo kipya cha mwisho kiko The Rand, na kinaanza na jina tu. Hapa vita iliacha majina ya mbali kwenye mtaa wa Waskoti. Kwetu vita ile ile iliacha Kariakoo, kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Dar es Salaam na Nairobi pia. Sekunde 90. Hakuna "huenda" hata moja.

18 Mei. Kurekodi

Nimenunua kinasa sauti kilichotumika, pauni 38. Siku ya kwanza nilirekodi nikiwa nimesimama Central Avenue, nikidhani sauti ya mtaa italeta ladha. Ilileta sauti ya upepo, lori la takataka, na mtoto aliyeuliza mama yake kwa nini yule mtu anaongea peke yake. Nikaongeza manyoya ya kuzuia upepo, pauni 6. Haikusaidia.

Nimemalizia nyumbani, ndani ya kabati la nguo, kanzu na makoti yakining'inia pande zote. Sauti safi kabisa. Ukitaka kunakili jambo moja tu humu, nakili kabati.

Urefu: sauti zangu za kwanza zilikuwa dakika tano hadi sita. Nimezijaribu kwa mama mkwe, aliyekuja kututembelea na ni mtu mpole. Dakika ya tatu alianza kusoma matangazo ya dirishani. Sasa hakuna inayozidi dakika mbili na nusu. Kilichokatwa ni namba nyingi na karibu kila sentensi iliyoanza na "ikumbukwe kwamba".

Kituo kilichopona bila kuguswa ni cha ukaguzi. Wasichana walipekuliwa na polisi wanawake kabla ya kuingia kazini. Hawakuruhusiwa viberiti, sigara, wala pini za nywele. Sauti inakuambia utoe vitu vyote mfukoni uvishike mkononi: simu, funguo, sarafu, kiberiti kama unacho. Kisha inakutajia ni vipi vingekuponza. Nimejaribu mwenyewe. Nilibaki na kitambaa na tende mbili.

9 Juni. Karatasi na vibandiko

Makosa mawili, yote ya fedha.

La kwanza ni ramani. Nimechapisha nakala 200 kwa pauni 46, na nyuma nimeweka aya kuhusu afya ya wafanyakazi. Nimeandika kwamba ngozi zao zilikuwa za manjano hata wakaitwa chiriku. Picha hiyo inapendwa, iko kila mahali. Rafiki aliyesomea kemia ameisoma akanipigia simu siku hiyo hiyo. Umanjano ule ulikuwa hasa wa wale walioshika TNT, kilipuzi kinachojazwa ndani ya kombora, kwenye viwanda vya kujaza makombora kama Chilwell. Gretna walitengeneza kodaiti. Madhara ya huku yalikuwa mengine: mvuke wa tindikali, nitrogliserini inayopasua kichwa kwa maumivu, na etha inayolevya mpaka mtu anaanguka. Nakala 200 zimekuwa karatasi za mwanangu za kuchorea. Ana farasi wengi sana sasa, kila mmoja ana historia ya uongo mgongoni.

Uchapishaji wa pili, nakala 120, pauni 29. Safari hii watu wawili walisoma kwanza.

Kosa la pili ni vibandiko vya msimbo wa QR, pauni 12. Nilivibandika kwenye nguzo za taa bila kuuliza mtu. Wiki moja havipo, na nikapata ujumbe wa adabu lakini mfupi kutoka ofisi moja ukinikumbusha kwamba nguzo zina mwenyewe. Ni haki yao. Nimekwenda kuomba duka kwa duka waweke ramani dirishani. Wengi walisema watafikiria. Wawili walikubali, wote Gretna. Eastriggs sijapata dirisha.

Jambo dogo la mtandao: vituo vingine simu haishiki. Usitegemee mtu afungue sauti papo hapo. Mimi natuma faili zote 11 kwenye kundi la WhatsApp siku moja kabla, zimepewa namba mwanzoni mwa jina, 01 mpaka 11. Mara ya kwanza niliandika 1, 2, 3, na simu za wengine zikapanga 1, 10, 11, 2. Sifuri ile mbele ni muhimu.

13 Julai. Kundi la kwanza bila mimi

Watu tisa kutoka Glasgow walishuka treni stesheni ya Gretna Green. Nilikaa nyumbani kwa makusudi, simu mkononi kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya dakika arobaini. "Kaka, kanisa gani?" Nilikuwa nimesema "ukifika kanisani, kata kushoto". Gretna ilijengewa makanisa matatu: St Andrew's la Church of Scotland, All Saints la Waanglikana, na St Ninian's la Wakatoliki, ambalo leo ni Anvil Hall, ukumbi wa harusi. Wenyewe walikuwa wamesimama mbele ya harusi ya watu, na mama mmoja wa kundi alishaanza kupiga vigelegele. Nimerekodi upya vituo vitatu. Sasa kila kona inatajwa kwa kitu kisicho na mwenzake.

Walichokipenda sikukitarajia. Nilidhani watavutwa na mabweni. Wao walicheka mpaka machozi kwenye kituo cha baa. Maelfu ya wajenzi walimwagika Carlisle jioni za malipo wakalewa vibaya, na 1916 serikali ikaamua kuzinunua baa za eneo hili na kuziendesha yenyewe. Vita vikaisha, serikali ikaendelea kuwa mwenye baa mpaka 1973. Mzee mmoja alituma ujumbe: "Miaka yote hiyo serikali inauza bia, na mimi sikuwepo."

Eastriggs walipiga picha chini ya kibao cha Pretoria Road. Kwenye makumbusho walikaa muda mrefu mbele ya injini isiyo na moto. Ndani ya kiwanda cha baruti huwezi kuingiza treni inayotema cheche, kwa hiyo injini za namna hii hujazwa mvuke kutoka boila iliyoko kando, kama chupa ya chai, zikaenda mpaka mvuke uishe, zikarudi kujazwa. Nimeiongeza "chupa ya chai" kwenye sauti. Ni maneno yao.

Lalamiko: walifika wakakuta basi limeondoka dakika mbili kabla. Ramani sasa ina nafasi tupu ya kuandika saa za basi, kwa kalamu, siku ile ile. Kuzichapa ni kujitafutia ugomvi.

31 Agosti. Hesabu, na dirisha la tatu

Gharama mpaka leo: kinasa sauti 38, manyoya 6, ramani mbovu 46, ramani nzuri 29, vibandiko 12, nauli zangu 31. Jumla pauni 162, na kati ya hizo 58 zimepotea kwa makosa yaliyoelezwa hapo juu. Saa sikuzihesabu baada ya Mei.

Leo nilikwenda Eastriggs kukagua kituo cha nane baada ya marekebisho. Nilikuwa nimesimama barabarani natazama safu ya nyumba, ramani mkononi, napima kama sauti inakwisha kabla ya kona. Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mmoja, aproni kiunoni, akaniuliza kwa upole kidogo na ukali kidogo ninatafuta nini kwenye ukuta wake. Sikuwa wa kwanza kusimama pale, akasema. Mwezi uliopita watu tisa walisimama pale pale, wakatoa kila kitu mifukoni, wakakishika mikononi, wakakitazama, wakacheka, wakaondoka. Alishindwa kulala akiwaza ni ibada gani.

Nilimweleza. Nikampa ramani, akaigeuza pande zote mbili. "Sielewi neno hata moja," akasema, kisha akaweka kidole kwenye The Rand. "Hili nalielewa."

Ameomba vitu viwili. Cha kwanza ni maelezo ya kituo cha nane kwa Kiingereza, ayasome mwenyewe, na kama nimekosea anikosoe. Nitampelekea Jumamosi ijayo. Cha pili, kama nina nakala ya ziada, aiweke dirishani, ili watu wakisimama tena mbele ya nyumba yake majirani wajue si ibada.

Nilikuwa nazo kumi na nne kwenye mkoba. Nimemwachia zote.